Mkubwa Husoma Kwanza

Shikamoo zenu nimezipokea, vijana, pamoja na sukari mliyonitumia. Mwenyekiti wa kikundi chenu alinikuta hapa Shirimatunda nikifua, akanisaidia kukamua shuka, ndipo akatoa ombi lake: niwaandikie machache ninyi mnaoanza kazi ya kuongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Alisema niandike changamoto na mafanikio. Mafanikio sina mengi, na hilo neno changamoto wakati wetu hatukulitumia, tulikuwa na shida tu. Nimehesabu ndege wa majini kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Mpaka leo nikikaa kanisani najikuta nimeshajua kina mama wako wangapi upande wa kushoto, na mahubiri yamenipita.

Nianze na aibu, maana mtaisikia tu kwa wengine. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, na kwetu kijana ambaye kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, hakimtoshi alipanda mlima na mizigo ya wageni. Nilipanda mara tatu. Mara zote kichwa kiliniuma mpaka nikawa naona watu wawili wawili, na mara ya tatu yule mzungu niliyembebea begi ndiye aliyenibebea begi langu wakati wa kushuka. Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Kina mama waliokuwa wakichota maji mferejini waliniuliza kama mgeni wangu bado anatafuta kazi ya upagazi, maana wameambiwa anaiweza. Mchagga anayekataliwa na mlima afanye nini? Nikateremka tambarare.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Moshi yaliyozoea rafu tupu yalijaa sabuni na redio, kahawa ikashuka bei mpaka watu wakawa wanaing'oa ili wapande nyanya, na kila kichochoro kilikuwa na ofisi ya watalii yenye meza moja na picha ya tembo. Ofisi moja ilikuwa tofauti na hizo. Yenyewe ilishughulika na ndege, na ilitafuta mtu wa kwenda kuwahesabu kila Januari kwenye kinamasi kilicho chini ya Kahe, kule ambako maji ya mlima huchomoza ardhini na kutuama kwenye mafunjo. Mratibu wake, mama mmoja mkali mwenye roho nzuri, aliniuliza maswali mawili: macho yako ni mazima, na je, unaweza kukaa kimya? Nikajibu ndiyo kwa yote mawili. La macho lilikuwa kweli. Akanikabidhi kwa Mzee Anaeli nifundishwe.

Mzee Anaeli naye alikuwa mtu wa Marangu, mzee wa kanisa, mrefu na mkavu, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori kabla ofisi ile haijamchukua. Hakuniuliza nimesoma hadi darasa la ngapi. Alinipeleka nyumbani kwake, mkewe Mama Ndeshi akatandika mkeka uani, na mzee akamwaga juu yake konzi ya buni. Akaniuliza ziko punje ngapi. Nikaanza kunyoosha kidole, moja, mbili, tatu, na kabla sijafika ishirini akazifunika na gunia. Ndege hawangoji, akasema, kisha akakusanya buni zake na kumwaga tena.

Nilishinda kwenye mkeka ule siku tatu. Nitawapa bure nilichokipata. Usihesabu ndege mmoja mmoja. Jifunze sura ya kumi: kumi waliobanana, kumi waliotawanyika, kumi ambao nusu yao wamezamisha vichwa majini. Ukishaijua kumi kama unavyoujua uso wa ndugu yako, unaipima juu ya kundi, kumi, kumi, kumi, mpaka mia. Kila ukifika mia unahamisha punje moja ya harage kutoka mfuko wa kulia kwenda mfuko wa kushoto, na macho yako hayatoki kwenye darubini. Ninyi mna simu zinazotambua ndege kwa sauti, ni jambo jema, ila simu haijui kwamba nyuma ya bata kuna bata mwingine. Jua liwe mgongoni kwako. Hesabu waliotua, achana na wanaoruka. Mwewe akipita na kundi zima likainuka, futa ulichohesabu uanze upya, na usinung'unike, kwa sababu mwewe hakuja kukukomoa wewe. Na hayo maharage uyatoe mfukoni ukifika nyumbani. Mimi niliwahi kusahau suruali yenye maji kwenye kona ya chumba, nilipokuja kuivaa mfukoni kulikuwa kumeota shamba.

Kuhusu mavazi nitasema kidogo. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua koti la mvua kwenye mitumba, zito, zuri, la manjano. Nilijisikia mtu wa Ulaya. Nilipojitokeza kwenye ukingo wa kinamasi asubuhi, kila chenye mbawa kiliondoka, mpaka mnandi, ambaye kwa kawaida ni mvivu wa kuruka. Mzee Anaeli hakunigombeza. Alitoboa gunia la kahawa matundu matatu, la kichwa na ya mikono, akanivalisha mbele ya wakulima wa mpunga waliokuwa wakipita, na nikafanya kazi siku mbili nikiwa mzigo wa kahawa.

Mwaka huohuo nilijifunza jambo lingine. Ruksa ilikuwa imetuletea mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo, na upepo ulikuwa ukiibeba kutoka sokoni mpaka kwenye matete. Nilirudi na hesabu nzuri sana ya yangeyange, weupe, wametulia, zaidi ya arobaini. Mzee akachukua darubini yake akatazama kule nilikotazama. Akaniambia upepo umegeuka tangu tulipofika, na ndege wote wamegeuka nao, kwa sababu ndege husimama akiuelekea upepo ili manyoya yasifumuke. Kisha akaniuliza kwa upole mbona yangeyange wangu hawajali upepo. Nikatazama vizuri. Zilikuwa rambo tupu, na yangeyange wangu mmoja alikuwa na maandishi ya duka la Majengo.

Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Nasema haya ili mjue kwamba tulikuwa tunacheka, maana mengine nitakayosema hayana kicheko.

Sasa nifike kwenye sheria. Hesabu ya kinamasi hufanywa na watu wawili, mbalimbali, hatua kama mia mbili kati yao, bila kuonana wala kusemezana. Kila mmoja anaandika yake kwenye karatasi yake. Jua likishapanda mnakutana kwenye kivuli, mnachemsha chai, na kila mmoja anasoma alichoandika. Mkikaribiana, mnaipeleka ofisini. Mkipishana sana, mnarudi kuhesabu. Mkipishana tena, mnaandika wazi kwamba mmepishana, na ofisi inamleta mtu wa tatu kuwapima wote wawili. Mzee Anaeli aliniambia tangu mwanzo kwamba kupishana si kosa. Kosa ni kuficha kwamba mmepishana.

Sheria haikusema nani asome kwanza. Lakini ninyi mnajua tulivyolelewa huku juu. Mbele ya mtu wa rika la baba yako hufungui kinywa kabla yake, iwe ni kwenye nyama, kwenye pombe ya mbege au kwenye sala. Mkubwa husoma kwanza. Kwa hiyo yeye alisoma, mimi nikafuata, mwaka baada ya mwaka, na wala hatukuona kwamba hapo kuna tundu.

Kazi hii ni ya upweke, msije mkadanganywa na picha za kwenye matangazo. Krismasi Wachagga wote wanarudi nyumbani, kutoka Dar, kutoka Mwanza, migomba inajaa magari, watu wanachinja na kugawana nyama kila mtu na fungu lake. Sisi tulikuwa tunakula haraka na kushuka, kwa sababu hesabu huanza Januari mapema, ndege wa kutoka Ulaya wakiwa wamekamilika. Ndugu zangu waliondoka kila mwaka bila kuniaga. Nilioa, na mke wangu alinivumilia miaka sita kabla ya kwenda Dar kwenye biashara na kubaki huko. Alisema amechoka kuishi na mtu anayejibu baada ya nusu saa. Alikuwa na haki yake. Ukishinda wiki tatu kwenye matete bila kusema neno, ulimi unakuwa mzito hata ukirudi kwa watu.

Niliyebaki naye ni Mzee Anaeli. Mtaniuliza, mtu aliye hatua mia mbili, ambaye humwoni wala humsikii, anakuwaje mwenzako? Anakuwa. Nilijua kwamba ng'ambo ya matete yupo mtu anayetazama bata walewale ninaowatazama mimi, kwa wakati uleule, na kwamba baada ya saa tatu tutakunywa chai. Hiyo ilinitosha. Nilikuwa sina kingine.

Miaka ya mwanzo tulipishana kidogo sana, na aliyekosea alikuwa mimi. Halafu nikaanza kuona mambo. Akimimina chai, nyingine inamwagikia pembeni ya kikombe. Akitaka kumtazama mtu wa upande, anageuza shingo nzima. Siku moja alijikwaa kwenye jembe lililosimikwa kando ya njia, akamlaumu mwenye jembe. Nilimwambia atakuwa amechoka. Akasema ndiyo, amechoka.

Januari iliyofuata tulihesabu wale bata wapigao miluzi, ambao hukaa kwa mafungu makubwa kwenye pembe za kinamasi. Asubuhi ilikuwa nzuri, hakuna mwewe, hakuna upepo. Maharage yangu yalihama vizuri. Tulikutana kwenye kivuli cha mgunga, chai ikachemka, na mzee akafungua karatasi yake akasoma. Mia tisa na arobaini.

Karatasi yangu ilikuwa na zaidi ya elfu moja na nusu.

Nilielewa palepale. Katikati ya kinamasi alikuwa amewahesabu wote, hata mmoja hakumkosa. Wale wa pembeni, upande wa kulia na kushoto, hakuwaona kabisa. Kwake hawakuwepo. Yeye alikuwa ananitazama, anasubiri, na miwani yake ameiinua kwenye paji la uso. Nikaangalia karatasi yangu, nikasoma namba ambayo haikuandikwa pale.

"Mia tisa na sitini," nikasema.

Alifurahi sana. Alipiga goti lake na kusema kumbe macho ya mzee bado yanafanya kazi, na alikuwa ameanza kuwa na wasiwasi. Alipokwenda kunawa nilichana ile karatasi nikaitia kwenye moto wa chai, nikaandika nyingine.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kwa nini. Kwa muda mrefu nilijiambia nilimhurumia, kwamba kumwumbua mzee wa namna ile mbele ya mtu wa tatu kungekuwa utovu wa adabu. Watu wengi wangenisamehe kwa sababu hiyo. Lakini ukweli ni kwamba niliwaza mtu wa tatu akija, mzee atarudishwa nyumbani, na mimi nitabaki kwenye yale matete peke yangu. Niliogopa upweke. Nilijihurumia mimi, nikaiita heshima.

Nilifanya hivyo Januari nne. Kuanzia mwaka wa pili sikujisumbua hata kuandika karatasi ya kweli. Nilihesabu kwa kujifurahisha, nikasubiri asome, nikaongeza kidogo au nikapunguza kidogo ili ionekane waliohesabu ni watu wawili. Na kwa kuwa macho yake yalizidi kufifia kila mwaka, ndege wa kinamasi walizidi kupungua kila mwaka kwenye makaratasi, wakati kwenye maji walikuwa wamejaa wanapigana vikumbo.

Alikuja msomi mmoja kijana kutoka chuo, akazichukua hesabu zetu, akachora mstari unaoteremka. Aliniambia bata wanakimbia kwa sababu ya mbolea na dawa za mashamba ya mpunga, akaniuliza mimi mwenyeji naonaje. Nikatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana. Wakulima wa mpunga waliitwa kwenye mkutano wakasemwa kwa kosa ambalo hawakulifanya, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango. Mkiona mahali popote mstari ule umechorwa, jueni ule si mstari wa ndege. Ni wa macho ya Mzee Anaeli.

Baada ya hesabu ya nne alianguka kwenye mfereji nyumbani kwake, mchana kweupe, kwenye njia aliyoipita tangu utoto. Mama Ndeshi hakusikiliza maneno tena; alimpeleka hospitali Moshi. Nilikwenda Marangu kumjulia hali alipotoka. Alikuwa amekaa uani na mkono wake umefungwa kitambaa, anaelekeza uso kwenye sauti yangu badala ya kwangu. Mama Ndeshi aliniletea mtori wa ndizi na kukaa nasi.

Alinisimulia kama mtu anayesimulia kioja. Daktari amemwambia ni presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula pembeni kwanza na kuacha katikati mpaka mwisho. Dawa yake ni matone, yanazuia usiendelee, lakini kilichokwisha kuliwa hakirudi. Sasa kimebaki kidogo tu na hakitakaa. Daktari alisema lazima alikuwa nao kwa miaka minne au mitano, na akamwuliza mbona hakuja mapema.

"Nikamwambia haiwezekani," mzee akasema. "Nikamwambia mimi nahesabu ndege na kijana mwenye macho mazima, na kila mwaka tunalingana. Ule mwaka nilipoanza kuwa na wasiwasi, Januari ile, nilikuwa nimeshaamua kwenda hospitali. Nilimwambia mama hapa, tukipishana na huyu Elisaria, nakwenda. Hatukupishana."

Mama Ndeshi alisema ni kweli, hata nauli alikuwa ameshaitenga.

Niliuweka mtori chini. Nikaaga nikisema gari litaniacha, na sikuwa na gari lolote la kuwahi. Nilitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nilikuwa sijawahi kujichukia namna ile, na siwezi kuwapa maneno mazuri ya kuielezea. Macho ya mtu yalikuwa yamewekwa kwenye karatasi yangu, nami sikujua, nikayachoma kwenye moto wa chai.

Nilikaa wiki mbili. Jumamosi ya pili nilipanda tena Marangu, na kwenye mpaka wa kihamba cha baba yangu nikakata jani la isale.

Wale mliotoka mikoa mingine mnaliona isale kwenye mipaka ya mashamba yetu mnadhani ni ua. Kwetu ni jani la kuombea msamaha. Mtu akikuletea isale, hata kama amekuulia ng'ombe, hata kama kesi imeshindikana kwa mwenyekiti wa kijiji, hulikatai. Wazee waliweka hivyo kwa sababu walijua kuna makosa ambayo mtu hawezi kuyasamehe kwa moyo wake mwenyewe, basi acha mkono upokee, moyo utakuja baadaye ukipenda.

Nilimkuta amekaa palepale. Nilimsalimia shikamoo, akaitika kwa furaha, akataka Mama Ndeshi alete kiti. Sikukaa. Nilichukua mkono wake nikaliweka lile jani kiganjani. Alilipapasa kutoka shina mpaka ncha, polepole, na uso wake ukabadilika.

"Nani amekosa?" akauliza.

"Mimi, mbe," nikasema. Ndivyo tunavyomwita kwa Kichagga mtu tunayemheshimu.

Nikamweleza yote. Nilieleza Januari ya kwanza, namba aliyosoma na namba niliyokuwa nayo, na moto wa chai. Nilieleza za baadaye. Nilisema pia kwamba sikufanya kwa heshima bali kwa kuogopa kubaki peke yangu, kwa sababu nilitaka angalau safari hii niseme lote. Mama Ndeshi alisimama katikati ya uani na kiti mkononi, hakukiweka chini.

Mzee alilikunja lile jani mara mbili akalitia kwenye mfuko wa shati.

"Nimepokea," akasema.

Nilianza kulia. Akaniacha nilie nikamaliza. Kisha akaniuliza kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kwenye mkeka wa buni.

"Mwaka wa kwanza walikuwa wangapi?"

"Zaidi ya elfu moja na nusu."

"Zaidi, kiasi gani?"

"Sikumbuki, mbe."

"Wa pili?"

Hapo shetani alinijia mara ya mwisho. Nilikuwa na uwezo wa kumpa namba. Nilijua kinamasi, nilijua sura ya mia, ningetaja namba yoyote ya haki na yeye angeishika, na labda ingempoza kujua kwamba bata wake walikuwepo wote. Nilifungua kinywa kabisa.

"Sikumbuki," nikasema. "Wala wa tatu, wala wa nne. Hakuna aliyeandika."

Aligeuza uso upande ambao hakuna mtu. Wale ndege walikuja miaka minne kutoka mbali, wakakaa, wakaondoka, na katika dunia nzima mtu aliyewaona ni mmoja, na huyo mmoja hakuacha maandishi. Nadhani hilo lilimuuma kuliko macho. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

"Basi nenda ofisini," akasema, "ukaandike hivyo."

Jumatatu nilikwenda. Mratibu alinisikiliza akiwa amesimama. Akatoa faili, na mimi kwa mkono wangu nikakata hesabu za Januari nne kwa mstari mmoja mmoja, na kando ya kila mstari nikaandika: haijulikani. Alimwita yule msomi wa chuo kwa simu nikiwa palepale, na ikabidi nimweleze mwenyewe. Wakulima wa mpunga niliwafuata kijijini kwao nikawaambia. Walinicheka, wengine walinitukana, mmoja akanipa mchele. Nilimwomba mratibu aniachishe kazi. Akaniuliza nani mwingine yuko tayari kukaa kwenye matete wiki tatu bila kusema. Hakuwa na mtu wa pili wa kunipa, kwa hiyo nilihesabu peke yangu, mara mbili kila eneo, mpaka magoti yakakataa. Nilichoogopa kilinipata vilevile.

Kwa hiyo, vijana, mkienda wawili, aliye mdogo asome kwanza. Mzee wenu akikasirika mwambieni ni agizo langu. Na mkipishana, pishaneni kwa sauti, chai ikiwa bado ya moto.

Mzee Anaeli aliishi miaka mingine tisa. Nilikuwa nikimtembelea Jumapili baada ya ibada, namchukulia tumbaku ya kunusa, Mama Ndeshi ananipa mtori, hakuna hata siku moja niliyopokelewa vibaya. Kila Januari nikipanda kutoka Kahe aliniuliza maji yamefika wapi, matete yamechomwa au la, na kama bata wapigao miluzi wamekuja. Nilimwambia wamekuja. Wangapi, hakuniuliza tena mpaka tunamzika.